Akilala Anapona

Mwanangu mpendwa, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu, zile za miaka yote tisa ambazo hukuzipokea, nazituma kwa pamoja. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo ambaye sijamwona, na mtoto wenu ambaye nasikia ana macho ya kwetu. Hamjambo? Kazi ya kuchomelea vyuma inakwendaje? Na kifua, hakijambo? Kifua nakiuliza makusudi, utaona mbele kwa nini. Sisi huku tupo. Nisiseme wazima, maana nitakuwa nimeianza barua kwa uongo, na uongo nimeuchoka.

Usicheke hati yangu. Unajua niliishia darasa la nne, na kalamu naishika kama nimeshika mjusi. Anwani yako nimepewa na shangazi yako, usimgombeze, nilimng'ang'ania siku tatu mpaka akaitoa ili nimwache apumzike. Ningepiga simu, lakini ukisikia sauti yangu unakata, na haya si maneno ya kukatwa katikati. Nakuomba uisome mpaka mwisho. Ukitaka kuichana, ichane ukishamaliza.

Ni habari za mdogo wako Kitinda. Yu hai. Nalitanguliza hilo ili usikimbilie chini ya karatasi. Amepasuliwa kifua, moyo wenyewe ukafunguliwa, ukatolewa uvimbe, ukashonwa, na leo ni wiki ya sita. Kovu linakauka vizuri. Mkono wa kulia ndio haujarudi. Vidole vinakunjika nusu, kama vya mtu aliyeshika kikombe ambacho hakipo.

Ilianza mwaka jana kama mchezo. Akiinama kuchukua nguo kwenye beseni, akiinuka anashika ukuta. Akipiga pasi mashuka matatu, la nne analiacha nusu, anakwenda kujitupa juu ya marobota ya nguo chafu pale kona ya chumba chetu cha udobi. Akilala robo saa anaamka mzima kabisa, hata anaimba. Akisimama tena, pumzi inakwenda juu juu. Ubavu wa kushoto akawa haulalii, eti akiulalia anasikia kitu kinaanguka ndani yake. Nikamuuliza ni ugonjwa gani huo unaopenda godoro na kuchukia pasi. Nikampa na jina, Malkia wa Godoro, na wateja wakalidaka. Yule mwalimu mstaafu wa mashati meupe, unamkumbuka, akawa akifika mlangoni anauliza kama Malkia leo anapokea wageni au bado hajashuka kitandani. Siku moja Kitinda akamjibu palepale alipolala kwamba malkia hagusi kola yenye jasho la miaka arobaini, akajifunika shuka la mtu. Tulicheka mpaka machozi. Mwanangu, tulikuwa tunamcheka mtu anayekufa kidogo kidogo mbele yetu, na yeye anatusaidia kucheka.

Usidhani hatukwenda kwa waganga wa hospitali. Tulikwenda zahanati ya kwanza wakasema pumu, wakampa pampu ya kuvuta mdomoni, akavuta mpaka ikaisha, hakuna kitu. Ya pili wakasema damu ni pungufu, wakampa vidonge vyekundu. Homa ikawa inakuja na kuondoka, nguo zikaanza kumpwaya, ikabidi nimbanie sketi zote pande mbili. Ya tatu wakasema ni mawazo. Huyo wa tatu alimuuliza kama kuna kijana amemwacha. Kitinda akamwambia aliyeachwa ni yule kijana, na mbona yeye anapanda ngazi vizuri tu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mashuka yamejaa meza zote mbili. Kitinda amelala kwenye marobota. Nikamwambia ainuke, akasema mama kidogo tu. Nikamwambia hiyo kidogo yako imekuwa mwaka. Nikamshika mkono nikamvuta mpaka akasimama. Akachukua pasi, akaipitisha mara mbili, mara pasi ikamponyoka ikaanguka kwenye saruji. Nikageuka kumfokea kwa ajili ya pasi. Nikaona mdomo wake umekwenda upande, na mkono unaning'inia kama mkono wa shati lililo kwenye kamba. Alitaka kusema neno likatoka uji. Mimi ndiye niliyemwinua. Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Hospitali kubwa tulipokewa na daktari wa kike, mdogo, hata nikamnong'oneza shangazi yako kwamba tumepewa mwanafunzi. Huyo mwanafunzi wangu ndiye aliyefanya ambalo wale watatu hawakulifanya. Alimsikiliza moyo akiwa amelala. Akatuomba tumketishe, akasikiliza tena. Akamlaza ubavu wa kushoto akasikiliza muda mrefu, macho kayafumba kama mtu anayetafuta mbu anakolilia. Kisha akaniuliza kama huyu binti akilala anapata nafuu. Nikasema ndiyo daktari, akilala anapona, na kwa haraka yangu ya kijinga nikaongeza kwamba ni mvivu kidogo. Hakucheka.

Wakampaka mafuta ya baridi kifuani, wakaleta kile kidude wanachowapimia wajawazito tumbo, wakakipitisha juu ya moyo. Wanaiita eko. Haiumi, haichomi, haimalizi saa nzima. Hilo pia liweke kichwani. Nikauona moyo wa mwanangu kwenye kioo, vyumba vinne vinafumba na kufumbua. Na kwenye chumba cha juu cha kushoto kulikuwa na kitu kinaning'inia. Unaijua soksi inayosahaulika ndani ya mashine, ukitazama kupitia kioo cha mlango unaiona inajitupa na kurudi, inajitupa na kurudi? Ndivyo kilivyokuwa. Kina kikonyo kimeshika ukuta, na moyo ukipiga kinajitupa mlangoni.

Daktari alinieleza taratibu, akachora na kalamu nyuma ya bahasha kwa kuwa aliona maneno hayaingii. Akisimama, uvimbe unashuka na kuziba mlango ambao damu hupita kwenda chumba cha chini. Kichwa kinakosa damu, mapafu yanajaa. Akilala, uvimbe unarudi nyuma, mlango unakuwa wazi. Kwa hiyo kule kujilaza ndiyo ilikuwa dawa pekee aliyokuwa nayo, na alijigundulia mwenyewe, na sisi tulikuwa tunamnyang'anya. Kiharusi kilikuwa kipande cha uvimbe kilichomeguka kikasafiri na damu mpaka kichwani. Akasema ni uvimbe wa nadra mno, yeye mwenyewe alikuwa ameuona kwenye vitabu na mara mbili kwa macho. Akasema tushukuru, si saratani, ni uvimbe usio mbaya. Nikamwomba arudie. Usio mbaya, akasema. Basi kila nilipomchana mwanangu nywele kwa kuwa mkono haufiki kichwani, nililifikiria neno hilo, nikajiuliza ule mbaya ungetaka nini zaidi.

Dawa ya kuuyeyusha hakuna, ni kuutoa tu. Walimwacha siku chache kichwa kitulie, kisha wakampeleka, maana uvimbe ukibaki mle unaweza kumegua kipande kingine wakati wowote. Upasuaji ulichukua saa tano nzima. Nilikaa kwenye benchi la chuma, kitambaa changu cha kichwa nimekivua nakikunja pembe nne, nakikunjua, nakikunja. Waliusimamisha moyo wake, mwanangu. Mashine ikafanya kazi badala yake. Walipomaliza daktari wa upasuaji akanionyesha chombo, ndani mna kitu laini, kinang'aa kama ute, ukubwa wa yai dogo. Alisema wameutoa pamoja na kikonyo na kipande cha ukuta ulioushika ili usiote tena. Nilitaka kukitemea mate nikaona haya.

Nilidhani yameisha. Siku ya nne yule daktari mdogo akaja na kurunzi kama kalamu, akammulika Kitinda midomo, akammulika pembe za macho. Akaniuliza vile vidoadoa vyeusi alikuwa navyo tangu utoto? Nikasema tangu utoto, na kwamba nyumbani tulikuwa tukitaniana kuwa wamelamba masizi ya pasi ya mkaa. Akainua kichwa akauliza, wamelamba, ni nani wengine? Nikasema baba yake, marehemu. Na kaka yake.

Akavuta kiti. Akasema uvimbe huu kwa watu wengi hutokea tu, hauna asili. Lakini zipo familia chache ambamo uvimbe huu hutembea katika damu, na vidoadoa kama vile ni mojawapo ya alama zake. Katika familia hizo huja mapema, huweza kuwa zaidi ya mmoja, na hata ukitolewa huweza kurudi, ndiyo maana Kitinda atapigwa hiyo eko kila mwaka maisha yake yote. Kisha akauliza baba alikufaje. Nikasema aliinuka akaanguka. Akauliza kama kabla ya hapo alikuwa mtu wa kupenda kujilaza.

Nilimwomba maji.

Siku ile unaijua, lakini acha niiandike kama nilivyoiona, maana miaka tisa nzima nimekuwa naisema kwa njia nyingine. Ilikuwa Jumamosi. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa tayari, wewe umekuja na mkokoteni kuyapeleka. Baba yenu amelala juu ya marobota. Ukamwambia mbona anayalalia mashuka ya watu kama mgeni aliyelipia chumba. Akacheka. Alicheka, nakuapia, alipenda utani wako kuliko wa mtu yeyote. Akakunyooshea mkono umwinue, ukamvuta, akasimama, akapiga hatua tatu na kuanguka kati ya meza ya pasi na mlango. Na mimi, majirani wamejaa chumbani, nikapiga kelele kwamba umemuua baba yako. Umemkurupusha ukamuua. Nikalirudia tena siku ya mazishi, mbele ya ndugu zake wote. Mwezi haukuisha ukafunga begi. Hata mlango hukuubamiza, uliufunga taratibu, na kwa hilo nilikuchukia zaidi.

Hukumuua baba yako. Daktari amesema kwa yote aliyoyasikia, huenda alikuwa na kitu kilekile, na hata angeinuka kwenda kunywa maji angeanguka vilevile. Nilimwomba aniandikie, kaniandikia, imo ndani ya bahasha hii.

Ningeweza kuishia hapa. Nilikwisha kuandika barua inayoishia hapa, nzuri kweli, na salamu zake chini. Shangazi yako akaisoma akalia akasema sasa mwanao atarudi. Nikaichoma.

Baba yenu alikuwa ameambiwa. Siku kumi na moja kabla ya Jumamosi ile alikwenda zahanati bila kutuaga, kwa ajili ya kizunguzungu. Mganga wa pale alimsikiliza moyo, akausikia una mlio usio wake, akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa kupigwa picha ya moyo. Alirudi akaniambia mimi peke yangu, nikiwa napiga pasi foronya, akaomba siku mbili za kupumzika. Nikamwambia hongera, sasa uvivu wako umepata mhuri. Akacheka, akaikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa shati.

Kazi yetu unaijua. Nguo haigusi maji kabla mfuko haujakaguliwa, na kila kinachopatikana kinawekwa kwenye kopo la dirishani mpaka mwenyewe akiulizie, hata kiwe tiketi iliyochanika. Miaka yote sijawahi kuvunja sheria hiyo, na watu walituamini kwa sababu yake. Shati la baba yenu lilipofika mkononi mwangu nikakagua, nikaikuta. Niliisoma herufi moja moja. Sikuelewa yote. Nilielewa neno moyo, na nilielewa neno haraka. Sikuitia kwenye kopo. Niliitia kwenye moto, chini ya pipa la maji.

Unauliza kwa nini. Nyumba ya wageni ilikuwa imeleta mashuka ya vyumba vyote kwa mara ya kwanza, na nilijua akienda huko hatarudi leo wala kesho. Nikasema moyoni tumalize kwanza mashuka haya, kisha nitamwambia akaandikiwe nyingine. Ni hivyo tu. Natamani ningekuwa na sababu kubwa zaidi ya kukupa, sina. Aliniuliza mara mbili kama nimeiona. Mara zote mbili nikasema sijaiona. Akajilaumu, akasema kichwa chake siku hizi ni chujio, atakwenda kuomba nyingine Jumatatu, kazi ikiisha. Jumatatu yenyewe tulikuwa tumeshamzika.

Kwa hiyo ulipomshika mkono na yeye akaanguka, nikaona mtu wa kubebeshwa. Nilikutupia kosa langu kabla halijanirudia. Sikupanga, lilitoka, lakini siku ya mazishi nililirudia kwa akili zangu timamu, na miaka tisa nimeliacha likae hapo ulipolibebea. Na halikuishia kwako. Zahanati ile ya kwanza walimuuliza Kitinda kama kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla. Nikamwahi kujibu. Nikasema hakuna, baba yake alikufa kwa homa. Niliogopa swali moja litavuta jingine mpaka lifike kwenye shati. Mwaka mzima, mwanangu. Mkono ule wa kulia ni mkono wangu mimi.

Nilimwambia Kitinda juzijuzi, kwa sababu sikutaka alijue kutoka kwako. Alikuwa anajaribu kufunga blauzi kwa mkono mmoja, kifungo kinateleza, kinateleza. Nikasogea kumsaidia. Akasema hapana mama, asante. Tangu siku hiyo anakwenda mazoezi ya mkono na shangazi yako, mimi naambiwa nibaki dukani. Chakula changu anakula. Kunitazama bado.

Sasa ninalokuomba, na hilo ndilo nililokuandikia. Karatasi ya pili iliyomo ndani ya bahasha ni ya hospitali. Ichukue, nenda nayo hospitali yoyote yenye wapimaji wa moyo, waambie dada yako ametolewa uvimbe kwenye chumba cha juu cha kushoto cha moyo, na una vidoadoa vya midomoni, unataka eko. Watakuelewa. Usisubiri kuumwa, daktari anasema mtu anaweza kuubeba muda mrefu bila kujua. Usisubiri kazi iishe. Mpeleke na mtoto. Mtazame midomo yake sasa hivi, kwenye mwanga, na hata kama ni misafi mpeleke. Shangazi yako ameshapimwa, moyo wake ni mweupe, anatembea mtaani anajisifu kama aliyefaulu mtihani. Sitaki kusikia eti hutaki kupima kwa sababu aliyekuambia ni mimi.

Msamaha sikuombi. Nimeujaribu kwenye karatasi mara kadhaa, kila nikiuandika naona kama naomba tena mtu anibebee. Nichukie, ni haki yako, lakini nichukie ukiwa umepimwa. Wala usinijibu mimi. Mwandikie shangazi yako neno moja tu, kwamba wewe na mtoto wote wawili mmepimwa, basi. Atanisomea.

Nisalimie mkeo, mwambie sina la kumwambia isipokuwa akuamini pale utakaposema umechoka. Mbusu mtoto. Shangazi yako anakusalimu sana. Jirani mshonaji anakusalimu, bado anasema suruali yako ya mwisho hukuifuata. Kitinda nilimuuliza kama ana salamu, akasema salamu zake atakuandikia mwenyewe mkono wa kushoto ukizoea, na kwamba hazitapitia kwangu.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako.